Kichwa cha treni cha babu

Wadau, nimepotea wiki mbili, nisameheni. Kazi za gazeti mnazijua. Leo siasa nimeziweka pembeni, nataka kuzungumzia treni. Tena treni ya mfano, ile ya kukaa juu ya meza. Msinicheke kwanza.

Babu yangu aliendesha treni kwenye shamba la mkonge mkoani Tanga miaka ya 1960. Si treni ya abiria, ni ile ndogo ya kusomba majani ya mkonge kutoka shambani hadi kwenye mashine ya korona, inayotoa nyuzi. Mwaka juzi niliandika makala kuhusu mkonge. Nikaeleza vizuri tu jinsi Dk. Richard Hindorf alivyouleta mwaka 1893. Kisha nikampamba babu: eti alikuwa akichochea kuni huku moshi ukifuka. Sikumuuliza. Nilidhani treni ya zamani lazima iwe na moshi.

Babu akaukata ukurasa ule, akaubandika ukutani. Hakusema neno.

Mwezi uliopita nikaamua kumtengenezea kitreni chake. Nikamwonyesha picha kwenye simu: dude jeusi la mvuke, magurudumu kibao, behewa la makaa nyuma. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mjukuu wangu, hili lingelala chali kona ya kwanza. Na moshi wa nini? Yangu ilikuwa ya dizeli."

"Sasa babu, mbona hukuniambia gazeti lilipotoka?"

"Ulikuwa umefurahi."

Jamani, niliona aibu! Nikaanza upya, safari hii nikiuliza maswali. Reli ilikuwa na upana gani? Akapima kwa mikono, nikaweka rula: sentimita 60 hivi. Ndiyo reli iliyozoeleka mashambani. Ni nyepesi, watu wachache wanainyanyua kipande kizima na kukihamishia kwingine. Reli ya namna hiyo inataka kichwa kifupi cha ekseli mbili, kizito cha kutosha kushika reli lakini si cha kuipinda.

Nikamwonyesha picha ya Simplex, vichwa vilivyotengenezwa Bedford, Uingereza, tangu enzi za Vita Kuu ya Kwanza. Akagonga kioo cha simu. "Kama hiki! Ona kiti, dereva anakaa ubavu. Ukienda mbele unageuza shingo huku, ukirudi nyuma unageuza kule."

Kwa anayetaka kujaribu, nilichojifunza ni hiki: usichague kichwa kwa uzuri, anza na kazi yake. Reli za mfano zinazopatikana kirahisi zina upana wa milimita 16.5, na kwa kawaida ni za treni kubwa zilizopunguzwa mara 87. Lakini ukipunguza kila kitu mara 35, milimita hizo hizo zinakuwa badala ya sentimita 58, karibu kabisa na za babu. Basi nikanunua kichwa kidogo cha mtumba chenye magurudumu manne, nikavua bodi, nikaunda nyingine kwa plastiki. Dereva wake ana urefu wa sentimita tano. Tatizo la magurudumu manne ni kwamba reli ikishika vumbi, umeme unakatika na kichwa kinagoma. Dawa yake ni kufuta reli na kuongeza uzito ndani ya bodi.

Jumapili nikampelekea. Babu akakigeuzageuza kimya.

"Breki iko wapi?"

Nilikuwa nimesahau gurudumu la breki ya mkono.

"Toroli zimejaa mkonge mbichi, kuna mteremko, halafu huna breki? Utaua watu."

Jumatatu nikamwomba mhariri achapishe masahihisho. Akashangaa, makala ya mwaka juzi! Yakatoka, mistari miwili tu: dizeli, si mvuke. Babu ameyakata na kuyabandika chini ya ule ukurasa wa zamani.

Breki naimalizia wiki hii.