Maji Matamu na Maji ya Chumvi: Maisha Ndani ya Bumu

Kaskazi ilipoingia, Bandari ya Kale ya Mombasa ilijaa majahazi ya Waarabu, na harufu ya papa mkavu ikapanda vichochoroni hadi madirishani. Vijana wetu wanayajua majahazi hayo kwa picha tu. Tumeona ni vyema tuwaeleze jinsi watu walivyoishi ndani yake, kwani safari ilikuwa ya miezi, si ya siku.

Tuchukue safari moja iliyoandikwa. Mwezi wa Desemba 1938 Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alipanda huko Aden bumu la Kuwait lililoitwa Bayan, nahodha wake akiwa Ali bin Nasir al-Najdi. Bumu lilipakia abiria wa Hadhramaut, likateremka pwani ya Somalia, likapita Lamu na Mombasa hadi Unguja, kisha likaingia Rufiji kupakia boriti. Lilirejea Kuwait katikati ya mwaka 1939.

Chombo kile hakikuwa na injini wala vitanda vya abiria. Watu walilala juu ya shehena, kila familia na pembe yake, na jiko lilikuwa papo hapo sitahani. Chakula kilikuwa wali, mkate, tende na samli, na samaki siku alipopatikana. Choo kilikuwa kisanduku kilichoning'inizwa nje ya shetri, mawimbi yakipita chini yake. Mwenye kuona haya alingoja usiku.

Lakini jambo lililotawala maisha yote lilikuwa maji matamu. Yalikuwa ya kunywa na kupikia, na hakuna aliyethubutu kuyaogea. Hapa ndipo fikihi inapoonyesha kwamba inawajua watu wa bahari. Tumepokea katika Hadithi kwamba mtu alimwendea Mtume (S.A.W.) akamweleza kuwa wao hupanda bahari na maji machache, na wakiyatawadhia watapata kiu, akajibiwa kwamba maji ya bahari yanatwahirisha. Wanafunzi wetu huihifadhi Hadithi hiyo katika mlango wa twahara bila ya kumfikiria aliyeuliza. Sisi tunamwona wazi: midomo imekauka, adhuhuri imeingia, na pipa limebaki nusu.

Kibla nacho kilihitaji uangalifu. Chombo kikishuka na kaskazi kando ya pwani yetu, Makka iko nyuma, na mwenye kusali huelekea shetri. Kikipanda na kusi huelekea omo. Chombo kikigeuka katikati ya sala, naye hugeuka. Asiyeweza kusimama kwa mrama husali ameketi.

Kazi ilikuwa nzito. Foromali, gogo refu lenye kubeba tanga, lilitwekwa kwa mikono ya mabaharia wengi, kwa nyimbo na ngoma. Na hawakuwa na mshahara. Mwisho wa safari gharama ziliondolewa, nusu ya kilichobaki ikawa ya chombo, na nusu ikagawiwa mabaharia mafungu. Ndiyo sababu kila mmoja alikuwa na kasha lake la bidhaa ndogo ndogo za kuuza bandarini. Kabla ya kuondoka baharia alikopeshwa fedha amwachie mkewe, na mke huyo aliziganga kwa miezi minane au tisa. Safari ikiwa mbaya, mume alirudi na deni. Watu husifu sana ushujaa wa mabaharia. Hesabu ya yule mke ni nadra kutajwa.

Wanawake waliosafiri nao hawatajwi sana. Ndani ya Bayan waliwekwa pamoja na watoto katika chumba kikubwa chini ya shetri, chenye giza na dari fupi, wiki baada ya wiki, ilhali wanaume walipata upepo juu. Humo walitapika, walinyonyesha, walisali, na walimtunza aliyeugua. Villiers, akiwa mwanamume na mgeni, hakuweza kuingia, kwa hivyo kitabu chake kinasimulia sitaha kwa urefu na chumba kile kwa ufupi.

Nahodha al-Najdi jina lake limehifadhiwa Kuwait. Bahari ilimchukua mwaka 1979, akiwa mzee aliyetoka kuvua samaki. Wanawake wa chumba kile waliteremka mmoja mmoja katika bandari za pwani hii, wakaolewa au wakawakuta waume zao waliotangulia, wakazaa. Baadhi ya wajukuu wao huenda wanausoma ukurasa huu.