Bodi ya Mia Tatu

Bumu lilipoingia Novemba iliyopita, mimi na mwenzangu wa chumba tulikuwa tumeshapiga hesabu. Kompyuta yetu ya mezani, tuliyoinunua mtumba mwaka wa kwanza, ndiyo inayotulisha msimu wa risechi: watu wanaleta kazi zao, tunataipu, tunapanga kurasa, tunatengeneza yaliyomo. Ila ilikuwa imechoka. Ukifungua faili la kurasa mia lenye picha, unaweza kwenda kuchota maji ukarudi ukakuta bado linafunguka. Tukakubaliana dawa ni prosesa. (Mtu wa IT angetuambia tuanze na diski ya SSD. Hatukumuuliza.) Nikaenda Kariakoo na 150,000, kati yake 60,000 ikiwa hela ya vitabu ya mwenzangu, nikarudi na Core i5-8400 imefungwa kwenye foili kama chipsi mayai.

Wala sikukurupuka. Mazabodi yetu ina chipseti ya H110 na soketi yake ni LGA1151. Prosesa niliyonunua nayo inakaa LGA1151. Ikaingia taratibu, bila kulazimisha. Tukawasha. Feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Tukazima, tukawasha tena, tukatoa ramu tukairudisha, tukapuliza vumbi. Kioo cheusi. Mwenzangu hakusema kitu, na hicho ndicho kilichoniumiza.

Kesho yake fundi alitazama sekunde mbili tu. “Mdogo wangu, hii haikubali hapa. Inataka bodi ya mia tatu.” Nikadhani ananitajia bei, nikahisi miguu inaisha nguvu. Akacheka. Alimaanisha chipseti za kundi la 300: H310, B360, Z370 na ndugu zao. Bei ya bodi yenyewe, iliyotumika, 190,000. Yaani kitu cha kukalia prosesa kilikuwa ghali kuliko prosesa.

Nilirudi hosteli na hasira, nikaanza kusoma. Chipseti ni chipu iliyogandishwa kwenye mazabodi, mara nyingi imefunikwa na kipande cha bati cha kupooza joto. Diski, bandari za USB, sauti, mtandao, karibu vyote vinapita kwake kabla ya kumfikia prosesa. Kama prosesa ni mkuu wa shule, chipseti ni yule katibu muhtasi wa mlangoni. Mkuu anaweza kuwa hodari namna gani, katibu akisema hakuna kuingia, umekwama. Na huwezi kumhamisha katibu huyu peke yake. Unahama na jengo zima.

Mkasa wangu ulianza Oktoba 2017, mimi nikiwa bado mtoto wa shule. Intel walitoa prosesa za kizazi cha nane za kompyuta za mezani, zikiwa na soketi ya umbo lile lile la LGA1151, lakini wakasema hazitafanya kazi na bodi za makundi ya 100 na 200. Sababu waliyotoa ni umeme: prosesa mpya zilikuwa na koo nyingi zaidi, kwa hiyo pini za kupeleka umeme ziliongezwa kutoka 128 hadi 146. Inaingia akilini. Tatizo ni kwamba siku ya kwanza sokoni kulikuwa na chipseti moja tu ya kuzipokea, Z370, ambayo ni ya watu wanaotaka kukimbiza prosesa kupita kasi yake ya kawaida. Core i3-8100 ilitangazwa kwa dola 117. Ni prosesa ya mtu wa kipato kidogo, na huwezi hata kuikimbiza. Lakini bodi yake ilikuwa ya bei ya kitajiri, nayo ni dola mia na kitu. Chipseti za bei nafuu, H310 na B360, zilikuja Aprili 2018. Nusu mwaka mzima, unafuu wa prosesa uliishia kwenye bodi.

Kilichonikera zaidi ni kwamba Z370 yenyewe haikuwa na tofauti kubwa na Z270 iliyoitangulia. Na baadaye watu wakorofi (nasema kwa heshima) walibadilisha bayosi, wakaziba pini kadhaa kwa gundi ya karatasi, na prosesa hizo zikawaka kwenye bodi za zamani. Nilifikiria kujaribu. Mwenzangu akaniangalia, nikaacha.

Hata zile za bei nafuu zilipofika, zilikutana na foleni. H310 ilihamishiwa kwenye utengenezaji wa nanometa 14, mitambo ile ile iliyokuwa imezidiwa na kazi ya prosesa. Septemba 2018 Bob Swan, aliyekuwa akikaimu ukurugenzi mkuu wa Intel, aliandika barua ya wazi akikiri kwamba ugavi umebana, hasa kwenye soko la kompyuta za bei ya chini. Kipaumbele, akasema, ni Xeon na Core. Kwa lugha ya kantini: sahani za wageni kwanza, sisi wa wali maharage tusubiri. Mwisho wa mwaka huo ilitoka B365, imerudishwa kwenye nanometa 22 za zamani.

Si kila mara gharama inamwangukia mnunuzi moja kwa moja. Januari 31, 2011, Intel walitangaza kasoro kwenye chipseti za kundi la 6, wiki chache tu baada ya prosesa za Sandy Bridge kuingia sokoni. Bandari nne kati ya sita za diski zingeweza kuchoka kadiri muda unavyokwenda. Prosesa zilikuwa nzima kabisa, lakini bila bodi ni mapambo. Walikadiria kurekebisha na kubadilisha kungegharimu dola milioni 700. Chipu ndogo ya pembeni, na hasara ya namna hiyo!

Na kuna mahali kelele zilisaidia. Mei 2020 AMD walisema prosesa zao zijazo za Zen 3 hazitaungwa mkono kwenye bodi za B450 na X470, sababu kubwa ikiwa nafasi ndogo ya kuhifadhia bayosi. Wenye bodi hizo walilalamika, na mwezi haukuisha AMD wakageuza uamuzi. Mtu alibaki na bodi yake, akanunua prosesa peke yake.

Sisi tulikuwa wawili tu, na duka lilikuwa limebandika ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Tulikaa kitandani tukapiga hesabu upya: 190,000 ni chakula cha wiki ngapi? Mwishowe tukatafuta i5-6500 iliyotumika, 70,000, ambayo H110 inaipokea bila maneno. Faili la kurasa mia sasa linafunguka kabla hujashika ndoo. Nimeshamrudishia mwenzangu 40,000 ya hela yake ya vitabu.

Ile i5-8400 ipo kwenye droo, ndani ya foili yake. Juzi mwenzangu alikuwa akitafuta stepla, akaitoa, akaishika kidogo, akairudisha, akasukuma droo.

“Bodi ya mia tatu sasa hivi bei gani?” akauliza.