Saa Mbili za Angani
Toka kiwanja cha Luano, hapa Lubumbashi, hata Ndjili kule Kinshasa, njia ya angani yapata kilometa 1,550. Ndege huimaliza kwa muda wa saa mbili hivi.

Wasio na nauli wana kipimo kingine: reli hata Ilebo, iliyofunguliwa mwaka 1928, kisha meli ya mto Kasai, safari ya majuma.

Ndugu yetu alipofariki Kinshasa, nauli tulizochanga zilimtosha mtu mmoja tu. Maziko yalikuwa saa tisa. Saa ya huko iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Basi sisi tuliobaki tulikusanyika saa kumi, tukamlilia pamoja nao.

Wasomaji wapenzi, walio mbali tuwaandikie wangali hai.