Fomu ya Masi Niliijaza Mimi

Watoto wa Masi wanaamini kwamba mama yao aliificha presha yake ili apate kwenda kuhiji Kedarnath, India. Jambo hilo wamelisema harusini, wamelisema msibani, wamelisema mbele ya wajukuu, na kila mara Masi huinamisha macho akanyamaza. Si kweli. Fomu ya afya niliijaza mimi, nyumbani kwangu Upanga, Dar es Salaam, usiku, baada ya kazi. Palipoulizwa kama msafiri ana presha au ugonjwa wa moyo, niliandika hapana. Nilijua fika kwamba anameza vidonge vya presha kila asubuhi kabla ya chai, maana mara nyingi ni mimi niliyetumwa duka la dawa kumnunulia.

Masi si ndugu wa mama yangu kwa damu. Alikuwa jirani yetu wa ghorofa ya juu na rafiki wa mama tangu wote wawili ni mabibi harusi wapya, na kwetu Wagujarati rafiki wa mama ni masi, mama mdogo. Alinilisha, alinichapa, alinipeleka shule mvua ikinyesha. Mwezi Juni 2013, mafuriko yalipoikumba Kedarnath, yeye na mama walikaa mbele ya televisheni siku nzima wakilia. Waliona mji mzima umefunikwa na matope na mawe, na hekalu limesimama peke yake katikati. Siku hiyo waliahidiana kwamba watakwenda pamoja. Mama alifariki kabla hawajakwenda.

Mimi nilikuwa na haja yangu. Nilitaka kumfanyia mama ibada ya marehemu Brahma Kapal, jukwaa la mawe lililo kando ya mto Alaknanda karibu na hekalu la Badrinath, ambapo Wahindu wengi huamini kwamba mzazi aliyeombewa pale amepumzika kabisa. Kazini walinipa likizo fupi. Wazee wa jumuiya yetu waliposikia naenda, wakaomba niwachukue, nami nikakubali haraka, kwa fahari. Masi alikuwa wa kwanza kuleta pasipoti yake.

Hija yenyewe, kwa jinsi inavyofanywa na wenye nafasi, ni ya mahekalu manne katika milima ya Garhwal, jimbo la Uttarakhand. Huanzia magharibi kwenda mashariki: Yamunotri, unakotoka mto Yamuna; Gangotri, ya mto Ganga; Kedarnath ya Shiva; na mwisho Badrinath ya Vishnu. Milango hufunguliwa Aprili au Mei na hufungwa baada ya sikukuu ya Diwali, theluji inapokaribia. Wengi huchota maji Gangotri wakayabeba mpaka Kedarnath kumwagia Shiva. Anayefuata mpango huo hupanda na kushuka, akapanda tena na kushuka tena, na akifika Kedarnath, iliyo juu kuliko zote kwa mita 3,583, mwili wake umekwisha kuonja baridi na hewa nyepesi. Zamani watu walitembea kutoka mji wa Rishikesh kwa majuma kadhaa, wakilala vijijini njia nzima.

Mimi nilikata Yamunotri. Nikakata Gangotri. Kisha nikakata ile njia ya miguu ya kilomita kama 16 kutoka Gaurikund, nikanunua tiketi za helikopta kutoka Phata. Wakala wa safari alinishauri niongeze siku mbili za kupumzika mlimani, na wazee wote wapimwe na daktari kabla ya kutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo siwezi kusema sikuambiwa. Niliambiwa kwa maandishi. Nilihesabu siku zangu za likizo, nikaona daktari wa Masi atataka vipimo, na vipimo vitataka kungoja majibu, na tiketi zitapanda bei. Nikaandika hapana.

Kuna jambo nililokuja kulijua baadaye, nalo linaniuma kuliko yote. Kila mwaka, milango ya Kedarnath inapokaribia kufunguliwa, sanamu ya Shiva hutolewa Ukhimath, ilikokaa msimu wote wa baridi, ikapandishwa ndani ya machela mabegani mwa watu wanaotembea kwa miguu. Haipandi moja kwa moja. Hulala Guptkashi, ikalala Phata, ikalala Gaurikund, ndipo ikafika. Mungu mwenyewe hupandishwa mlima wake akipumzika njiani, na mimi niliwachukua wazee wa pwani, watu walioishi maisha yao yote usawa wa bahari, nikawapakia Phata na kuwashusha Kedarnath kwa dakika zisizofika 10.

Msomaji wa Tanzania atanielewa nikisema hivi: Kedarnath imepungukiwa mita mia na kitu tu kufikia kituo cha Horombo, mlima Kilimanjaro. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayempeleka mama wa miaka zaidi ya sabini kutoka Moshi mpaka Horombo kwa helikopta, kisha amwambie apange foleni kwenye baridi. Waongoza watalii wetu huimba pole pole tangu getini, na wageni hulala Mandara kwanza. Madaktari wa milimani husema kwamba ukishavuka mita 3,000, usilale juu kwa zaidi ya mita 500 kuliko ulikolala jana yake. Sisi usiku uliotangulia tulilala Guptkashi, mita kama 1,300.

Sisemi kwamba helikopta ni dhambi. Wazee wengi hupanda, wakafanya ibada, wakashuka siku hiyo hiyo salama. Wala sisemi kwamba waliopanda nyumbu wametenda wema, maana wanyama wale huchoshwa mno; mwaka 2022 zaidi ya 100 walikufa kwenye njia ile, na mwaka huo huo mahujaji zaidi ya 200 walikufa katika safari za mahekalu hayo manne, wengi kwa moyo na kwa hewa nyepesi. Habari hizo zilikuwa magazetini. Nilizisoma kabla sijaijaza ile fomu.

Tulifika Kedarnath karibu na adhuhuri. Jua liliwaka, theluji inameta mlimani nyuma ya hekalu, wazee wakashuka wakilia kwa furaha na kuita Jai Kedar. Niliwapanga waoge, wale, walale kidogo, ili alfajiri waingie ndani kuliona jiwe takatifu na kuligusa. Jiwe hilo halikuchongwa na mtu. Lina umbo la nundu, na wenyewe husema ni nundu ya Shiva aliyejigeuza fahali akazama ardhini kuwakimbia Wapandava, wale ndugu wa hadithi za kale. Mahujaji hulipaka samli kwa mikono yao. Masi alikuwa amebeba samli yake kutoka nyumbani, ndani ya kikopo kidogo cha bati kilichokuwa cha maziwa ya unga, mfuniko ameufunga kwa kitambaa na uzi mwekundu. Aliipika mwenyewe. Nusu, aliniambia, ni ya mama yako.

Jioni kichwa kikaanza kumuuma. Nikampa dawa ya maumivu. Akatapika, nikasema ni chakula. Usiku nikamkuta ameketi kitandani, hawezi kulala chali, anavuta pumzi kama aliyetoka kupanda ngazi. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Mimi na mzee mmoja tukamshika kwapani, tukampeleka kwenye kituo cha tiba.

Daktari alikuwa kijana. Alimbana kidoleni kile kipimo cha oksijeni, kikawa hakisomi kitu, kwa jinsi vidole vilivyokuwa baridi. Akavua glavu, akauchukua mkono wa Masi katikati ya mikono yake miwili akausugua, akavipulizia vidole pumzi, akasugua tena, akabana upya. Ikatokea 68. Nyumbani Dar es Salaam mtu mzima husoma 97 au 98. Akamwekea oksijeni, akampima presha, akatazama namba kwa muda, kisha akaomba karatasi zetu. Akaisoma fomu. Akauliza kwa Kihindi, kwa upole tu: hapa pameandikwa mama hana presha, nani aliandika?

Masi hakuwa akijua nilichoandika. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, na mimi nilimwambia tu atie sahihi hapa na hapa. Alinitazama, kinyago cha oksijeni kikiwa usoni. Akakisogeza kando kwa kidole. Akasema, nilificha mimi, huyu mtoto hakujua.

Daktari akamgombeza. Alikuwa na haki ya kugombeza. Alimwambia kwamba watu wa namna yake hufa mlimani na kuwaachia watoto majuto, kwamba uchaji bila akili haumpendezi Mungu. Masi alitikisa kichwa kukubali kila neno. Nami nilisimama pale, nikamrekebishia blanketi miguuni. Nilikuwa na kinywa, nilikuwa na Kihindi cha kutosha, na sikusema kitu.

Hilo ndilo kosa ninaloliungama. Kuandika uongo kwenye fomu lilikuwa kosa la haraka na la tamaa, na ningeweza kulikata usiku ule kwa maneno matatu. Lakini nilimwacha mwanamke mgonjwa asimangwe kwa niaba yangu, mlangoni pa hekalu alilolililia tangu 2013, kwa sababu niliogopa wale wazee wengine wangeniona kiongozi gani.

Asubuhi mawingu yaliziba bonde lote na helikopta hazikuruka. Daktari akasema asingoje, ashuke kwa namna yoyote. Tukapata machela ya wabebaji wanne, Wanepali, wakamfunika kwa mablanketi na karatasi ya nailoni. Kabla hawajamnyanyua alimpa mmoja wa wazee wenzake kile kikopo cha samli na kumwonyesha kwa ishara: nusu, nusu. Hekalu lilikuwa mbele yetu, na nyuma yake lile jiwe kubwa lililokingama mwaka wa mafuriko, maji yakagawanyika pande mbili na hekalu likapona. Watu wanaliita Bhim Shila. Masi alilitazama akiwa amelala. Ndani hakuingia.

Nilishuka kando ya machela, na njia niliyoiona ni kupoteza muda nikaiona yote. Linchauli, ambapo wapandao hulala. Vibanda vya chai na tambi. Wanawake wa makamo wanaopanda hatua kumi na kusimama, hatua kumi na kusimama, bila haya yoyote. Mahali palipokuwa kijiji cha Rambara, penye nyumba za wageni na maduka, ni mawe matupu na mto Mandakini unapita. Ziwa la Chorabari lililo juu ya hekalu lilipopasuka mwaka ule wa mafuriko, kijiji chote kilizolewa, na njia ikabidi ihamishiwe ng'ambo. Wabebaji walibadilishana mabega bila kusimama, kwa neno moja fupi, machela isiyumbe. Kadiri tulivyoshuka, Masi alipata nafuu. Tulipofika Bhimbali aliomba chai. Gaurikund aliomba sukari zaidi.

Alilazwa hospitali ya mji wa chini, mwenzake mmoja akabaki naye, nami nikaenda Badrinath na kundi. Ndiyo, nilikwenda. Pale Brahma Kapal kuhani aliniuliza ukoo wangu na majina ya wazee wangu, nikayataja moja moja, nikafinyanga madonge ya wali, nikayatoa kwa ajili ya mama. Sikuhisi chochote isipokuwa aibu. Niliomba msamaha kwa mama aliyekufa kwa kuwa nilishindwa kumwomba yule aliye hai, aliyekuwa hospitali bondeni.

Tuliporudi Dar es Salaam habari zilikuwa zimetutangulia. Watoto wake walimpokea kwa machozi, kisha kwa hasira, na Masi akarudia maneno yale yale ya mlimani. Nilijiambia kwamba amechagua mwenyewe kunisitiri, na kwamba kuyafukua ni kumvunjia heshima. Ulikuwa uongo wa pili, na huu nilijidanganya mwenyewe. Maana mambo hayakuishia pale. Watoto wake waliacha kumwamini. Akisema hana maumivu, wanampeleka hospitali kwa nguvu. Akisema amekunywa dawa, wanahesabu vidonge. Alipoomba kwenda Dwarka, kwa Krishna, mji ulio ufukweni kabisa mwa Gujarat, wakamkatalia: mama, wewe utatuficha tena.

Niliposikia hilo la Dwarka nilimpigia simu mwanawe wa kiume. Nilimwambia kila kitu, kuanzia usiku wa fomu. Alinyamaza kwa muda. Halafu akauliza, na mimi niliyemwita mama yangu mwongo mbele ya watoto wangu, nimwambie nini leo? Sikuwa na jibu, na hakukata simu mpaka nilipomwambia sina.

Masi mwenyewe amenikasirikia. Anasema jambo lile alishalimaliza siku ile ile, mimi ndiye nimelifufua, na sasa wanawe hawatanikaribisha Diwali. Nimempigia magoti, nikagusa miguu yake, akaniwekea mkono kichwani kama kawaida yake, lakini bado amekasirika. Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya ili wale wote waliosikia habari ya uongo wasikie na ya kweli. Amesema niandike nikitaka, ila jina lake nisilitie.

Juma lililopita daktari wake alimpima moyo na presha, akamruhusu kwenda Dwarka. Atapelekwa na mwanawe, kwa treni kutoka Ahmedabad. Mimi sijaalikwa, na sijaomba.