Barua kutoka Kisumu: mshahara wa askari, mshahara wa mpagazi

Mwalimu,

  

Kilichonifanya nishike kalamu ni bandari ya Kisumu. Reli ya kutoka Mombasa ilifika hapa Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence. Hapa ndipo vikosi vya Waingereza vilipopandia meli mnamo Juni 1915 kwenda kuipiga Bukoba, iliyokuwa chini ya Wajerumani. Waliiteka kwa siku mbili, wakaubomoa mtambo wa simu ya upepo, kisha wakaupora mji. Nilipokuwa gatini nikilitazama ziwa lililowapeleka, nikalikumbuka somo lako la Maurits van Nassau, kiongozi wa jeshi la Waholanzi.

Ulitueleza kwamba askari wa Hispania waliokosa mishahara ndio walioiteketeza Antwerp mwaka 1576, na kwamba Waholanzi waliliona tukio lile wakajifunza. Wengi husifu mbinu zao tu. Mwaka 1594 Willem Lodewijk alimwandikia Maurits, binamu yake, akamchorea safu za wenye bunduki: wa mbele wafyatue, warudi nyuma washindilie baruti, wa pili washike nafasi yao, moto usikatike. Mbele ya adui jambo hilo haliwezekani mpaka mikono iwe imezoea kila hatua. Ndiyo maana kitabu cha Jacob de Gheyn cha mwaka 1607 kina picha 117 za namna ya kushika silaha: jinsi ya kupuliza utambi, jinsi ya kumimina baruti, jinsi ya kuushika mkuki. Waliwapa askari majembe pia, wachimbe mahandaki wenyewe. Lakini wewe kila mara uliturudisha kwenye mshahara uliolipwa kwa wakati. Nani atakubali kupigishwa gwaride mwaka mzima, na kushika jembe juu yake, kama halipwi?

Gwaride hilo likafika mpaka huku. King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, iliundwa mwaka 1902. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza 1914 ilikuwa na askari wapatao 2,300. Vilipokwisha walikuwa zaidi ya 35,000. Nyuma yao walitembea wapagazi, na hapo ndipo mwambao huu wa ziwa ulipotoa watu wake. John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Nyanza na makao yake yakiwa Kisumu, aliteuliwa Machi 1917 kusimamia ukusanyaji wa watu. Zaidi ya 100,000 wakachukuliwa nchini, wengi wakiwa vijana wa Nyanza. Walivuka mipaka wakiwa na mizigo kichwani, wakalishwa unga usioiva vizuri, na kuhara damu kukawaua wengi kuliko risasi. Wapagazi wa Kenya waliokufa walipita 40,000.

Mshahara wao ulishushwa hadi rupia 5 kwa mwezi, na hata hizo hazikuwafikia wote. Wengi waliofia njiani hawakuwa wamelipwa. Oscar Watkins, mkuu wa kikosi chao, alipigania baada ya vita fedha zile za marehemu ziwafae watu wao. London ilikataa. Mimi naliita deni, Mwalimu, na sioni jina jingine. Waholanzi walijua tangu karne ya 16 kwamba jeshi husimama kwa malipo. Waliotawala hapa walijua vilevile, ila waliona mpagazi si mtu wa kuhesabiwa.

Nakuomba basi, utakapofika tena kwenye sura ya Maurits, wape wanafunzi na habari za wapagazi wa Nyanza katika somo lilelile. Wapo watakaouliza nyumbani, na katika baadhi ya nyumba bado yupo wa kuwajibu.



Mwanafunzi wako