Omuramba, soda na maziwa: meno ya mtoto kwenye njia ya Murongo

Basi la kutoka Bukoba likishaiacha njia ya Mutukula pale Kyaka, huanza kupanda vilima vya Karagwe, na dirishani hakuna kingine ila migomba na kahawa. Anayeshuka Omurushaka, njia panda ya kwenda Kayanga upande huu na Kyerwa upande ule, hukaribishwa na vinywaji. Soda za chupa, juisi za pakiti, barafu za maji ya rangi, chai ya maziwa, mgando. Na siku ya bahati, kwenye dumu, omuramba: juisi tamu ya ndizi mbivu ambayo bado haijachacha.

Mtoto aliyefuatana na mama yake gulioni ataomba kimojawapo. Mama hutazama bei, hutazama usafi, analipa. Meno humjia akilini usiku ambao mtoto atalia hadi asubuhi.

Jino limevikwa gamba gumu jeupe liitwalo enameli. Ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, hata kuliko mfupa, lakini haina uhai. Mfupa ukivunjika huunga; enameli ikishalika haioti tena. Adui yake ni asidi. Ukali wa asidi hupimwa kwa pH: maji safi ni 7, na namba inaposhuka ukali unapanda. Kinywaji kikiwa chini ya 5.5 hivi, enameli huanza kupoteza madini yake. Maziwa yako kwenye 6.7 hivi. Soda nyeusi ya kola iko karibu na 2.5, jirani kabisa na maji ya limau, ila sukari inauficha ukali huo ulimi usiusikie.

Na sukari yenyewe ni kosa la pili. Bakteria wa kinywani huila, kisha hutoa asidi yao. Chupa ya kola ya mililita 350 ina sukari gramu 37 hivi, sawa na vijiko tisa vya chai. Mzazi asingethubutu kutia vijiko tisa kwenye kikombe cha mtoto, lakini chupa humnunulia. Soda isiyo na sukari imeondoa kosa moja tu. Asidi yake iko palepale.

Kwa omuramba, hoja ya nyumbani hujulikana: "Huu hauna sukari ya dukani." Ni kweli. Ndizi huivishwa, humenywa, hukamuliwa pamoja na nyasi ndani ya obwato, ule mtumbwi wa mti, na utamu wote ni wa ndizi. Unaobaki huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, ukachacha ukawa rubisi ya wakubwa. Lakini bakteria hawaulizi sukari imetoka dukani au shambani. Omuramba hauna asidi kali kama soda, hapo una nafuu. Utamu wake unatosha kuwalisha bakteria hao hao.

Kinachoamua zaidi ni namna ya kunywa. Baada ya kila kinywaji kitamu, kinywa hubaki na asidi kwa takriban nusu saa, mpaka mate yaisafishe na kuirudishia enameli baadhi ya madini. Mtoto anayemaliza kikombe pamoja na chakula ameyashambulia meno yake mara moja. Anayenyonya chupa ileile kidogo kidogo ndani ya gari, kutoka Omurushaka mpaka Nkwenda, hakuyapa mate nafasi hata ya dakika tano.

Wazee wa huku walizoea kunywa rubisi kwa mrija kutoka kwenye kibuyu. Mrija kweli hupunguza kinywaji kinachogusa meno ya mbele, ingawa hakuna mzee aliyeutumia kwa sababu hiyo, na kunyonya jioni nzima huifuta faida yote.

Maziwa yana historia ndefu zaidi ya soda katika nchi hii ya Wanyambo. Mwingereza John Hanning Speke, alipofika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, aliandika kwa mshangao kuhusu wanawake wa nyumba ya kifalme walionenepeshwa kwa maziwa. Hakuna haja ya kufika huko. Lakini kwa enameli, maziwa ni rafiki: yana kalsiamu na fosfeti, madini yaleyale yanayoijenga. Hata mgando, uchachu wake wote, hauilainishi kama soda, kwa kuwa kalsiamu yake huikinga. Ukitiwa sukari, hesabu inabadilika. Na mtoto anayelazwa na chupa ya maziwa yenye sukari au juisi yuko hatarini zaidi, maana usingizini mate hupungua.

Kosa jingine hufanywa kwa nia njema: mtoto akishakunywa soda, anaharakishwa kupiga mswaki. Wakati huo enameli imelainika, na mswaki huikwangua. Asukutue kwa maji, asubiri nusu saa hadi saa nzima.

Kyerwa, iliyokuwa sehemu ya Karagwe hadi ilipokuwa wilaya mwaka 2012, humalizikia Murongo, kwenye Mto Kagera. Ng'ambo ni Kikagati, Uganda. Jua la jioni likiwa bado lina nguvu, mzazi anaweza kumgeuza mtoto wa miaka sita auelekee mwanga, afungue mdomo. Nyuma kabisa ya meno ya utoto, juu na chini, kila upande, huenda gego jipya limeshachomoza. Halikusubiri jino lolote ling'oke, ndiyo maana wengi hulidhani ni la utoto, litaota jingine. Haliotи jingine, hilo ndilo la uzeeni. Doa jeupe kama chaki karibu na ufizi maana yake madini yameanza kutoka lakini tundu bado. Hapo dawa ya meno yenye floraidi, asubuhi na usiku, na kupunguza vitamu, bado vinaweza kulizuia. Likishatoboka, ni kazi ya daktari wa meno.