Kumkosoa Frateri Mwenzako
Kwenye somo la falsafa tunagawanywa wanne wanne: insha moja, alama moja, kisha kundi jingine linaikosoa. Kugawana kazi si shida. Kukosoana ndiko kugumu, maana jioni tunakula meza moja. Basi frateri husema "nzuri sana", anakaa. Huo ni woga tu. Sisi wa Wanging'ombe tumekulia kwenye kilimo cha ujima: ukiacha magugu kwenye mstari wako wa mahindi unaambiwa palepale, na ugali mnakula pamoja. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae, huanza kila kifungu kwa hoja zinazompinga. Nasi tumekubaliana: mkosoaji airudie kwanza hoja ya mwenzake, mpaka mwenyewe aseme, "Ndiyo, hicho ndicho nilichoandika." Juzi hilo tu lilimaliza nusu saa.